Nduaro Niliyempika Makole

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, mvua ilikataa kabisa pale Gulwe. Baba akauza ng'ombe wa mwisho, mimi nikatolewa shule darasa la tatu. Siombi huruma ya mtu. Nataja tu shida yangu ilianza lini, ili ninyi vijana mnaosonya gesi ikiisha mjue mnazungumza na nani.

Nilichemsha mayai nikayauza kwenye madirisha ya treni pale stesheni ya Gulwe. Hilo ndilo jiko langu la kwanza: sufuria moja, mafiga matatu, na kelele za abiria. Yai likiwa bichi katikati, abiria anakutupia usoni, halafu treni inaondoka naye na huna pa kumshtaki. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba chakula kina dakika zake. Shule haikunifundisha hilo, na sidhani ingenifundisha.

Naitwa Sechelela. Mjini Dodoma wananiita Mama Seche. Nimeajiriwa kupika miaka arobaini, kwanza misheni, kisha hotelini Makole. Nilichojulikana nacho zaidi ni samaki nduaro kwa mapishi ya Kiitalia. Watu hucheka. "Mama Seche, wewe Mgogo wa Gulwe, bahari umeiona lini?" Nawajibu: nimeiona mara moja, ina maji mengi, basi. Samaki nimejuana naye jikoni.

Kwa asiyemjua, nduaro ni samaki mkubwa wa bahari kuu mwenye pua ndefu kama upanga. Pua yenyewe sijawahi kuiona. Huku kwetu bara anafika kipande, kama gogo la kupasulia kuni, nyama nyeupe yenye wekundu kwa mbali, imekaza, haina miiba ya kukusumbua. Ukimpatia, mtu anakula kimya. Ukimkosea, umempa mgeni kipande cha ubao.

Sasa nitawaambia habari ya barua, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo.

Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Hoteli ilikuwa imepata meneja mpya, Bwana Tesha, mtu wa suti na makaratasi. Akaniita ofisini akanipa bahasha. Nikasoma taratibu, kidole chini ya kila neno, yeye anaangalia saa yake. Ilisema kwamba kwa kuwa sina cheti cha upishi, kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao nitahamishiwa kitengo cha usafi wa vyombo. Nafasi yangu ataichukua kijana aliyesomea, Shefu Erick, kutoka Dar es Salaam.

"Usafi wa vyombo maana yake kuosha sufuria?" nikamuuliza.

"Ni kitengo, mama."

"Kitengo chenye sinki?"

Akaangalia saa yake tena. Wanangu, mimi kazi ya mshahara niliianzia kwenye sinki. Nilipofika misheni nikiwa na miaka kumi na saba niliosha masufuria mpaka kucha zikalainika kama karatasi. Ilinichukua miaka minne kutoka kwenye sinki mpaka kwenye moto, hatua tano tu kwa miguu. Halafu huyu ananiambia nirudi nilikotoka, na nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe. Sikulia. Niliikunja barua, nikaitia kifuani, nikarudi kumenya vitunguu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Lakini hamtaelewa nilichofanya bila kumjua Bruda Nino.

Bruda Nino alikuwa mtawa wa Kiitalia, mfupi, tumbo mbele, mpishi mkuu pale misheni. Alizaliwa kisiwani kusini kwao, mahali ambapo nduaro ndiye samaki wa sikukuu. Kiswahili alikijua, Kigogo alikijua vibaya lakini kwa sauti kubwa. Ukimwamkia "Mbukwa" asubuhi, anaitikia mpaka mbuzi wa jirani wanageuka. Mara moja au mbili kwa mwaka, lori la misheni likitoka Dar, lilikuwa linamletea kipande cha nduaro kwenye sanduku la barafu na pumba za mbao. Siku hiyo alikuwa anavaa aproni safi.

Mara ya kwanza kumwona huyo samaki, Bruda aliniachia kipande akaenda kusali. Akaniambia: "Sechelela, mwandae." Basi. Sasa mimi samaki niliyemjua ni kambale wa Bahi. Kambale anaishi kwenye tope, ananuka tope, na kila mwanamke wa huku anajua dawa yake: unamsugua kwa majivu, unamkamulia ndimu nyingi, unamwagia maji ya moto, unamwacha hapo mpaka utelezi utoke. Nikamwandaa nduaro wa Bruda kwa moyo wangu wote. Majivu ya mgunga, safi kabisa, nimeyachekecha. Ndimu kumi na mbili. Birika zima la maji yanayochemka.

Bruda aliporudi alikuta samaki wake amekuwa wa kijivu kama tofali la saruji.

"Umefanya nini?"

"Nimemtoa tope, Bruda."

"Tope gani? Huyu ametoka bahari kuu! Hajaona tope tangu azaliwe!"

"Sasa ningejuaje? Kila samaki anatoka kwenye tope."

Akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso. Nikajua nimefukuzwa. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka. Akasema, "Leo utamla wewe peke yako, wote." Na nikamla. Alikuwa mchachu, mkavu, ana mchanga mchanga kwenye meno. Nilimla siku mbili. Tangu hapo sikuhitaji kuambiwa mara ya pili kwamba samaki mmoja si mwenzake, na ukikabidhiwa kitu usichokijua unauliza kwanza, hata kama anayeulizwa yuko kwenye sala.

Baada ya hapo ndipo aliponifundisha. Ngozi ya nduaro iondoe, maana kwenye moto hujikunja kama kandambili iliyosahaulika juani. Kata vipande vya unene wa kidole cha shahada. Mkaushe kwa kitambaa, mkavu kabisa, samaki mwenye maji hakaangiki, anachemka tu kwenye kikaango anajidanganya. Kikaango kiwe cha moto kabla mafuta hayajaingia. Na usimguse! Vijana mna mikono inayowasha, mnageuza geuza kama chapati. Geuza mara moja tu.

Kuhusu muda, Bruda hakutumia saa. Alisali. Salamu Maria tano upande wa kwanza, tatu upande wa pili, kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbiza maneno. Niliwafundisha hivyo wote waliopita mikononi mwangu. Wasichana wawili Waislamu kutoka Kondoa walikataa, wakahesabu kwa sura zao fupi, na samaki aliiva vilevile. Mlutheri mmoja alijaribu kuhesabu kwa wimbo wa kwaya yake. Ulikuwa na beti nyingi mno, akaunguza.

Kuna mapishi mengine, ya kukunja. Unakata nduaro mwembamba kama kitenge, unaweka ndani chenga za mkate mkavu, kitunguu saumu, majani makavu ya harufu yaitwayo oregano, zabibu kavu, unakunja kama mkeka, unafunga kwa kijiti. Vijiti vya meno tulikuwa hatuna. Nikatoka nje nikachuma miiba ya mgunga, ile mirefu myeupe. Bruda akafurahi mno akasema kisiwani kwao hawajawahi kuwa na kijiti kilichonyooka hivyo. Siku hiyo nilifunga mikunjo thelathini. Nikaichomoa miiba, nikapeleka mezani. Katikati ya chakula padri mmoja, mtu mzito asiyependa utani, akasimama ameshika shavu. Mwiba mmoja ulikuwa umebaki, ukamchoma kwenye ufizi.

"Nani amepika miiba?"

Bruda Nino akasema, "Mimi." Hakunitazama hata. Jioni yake ndio akanifundisha: ikiingia thelathini, itoke thelathini, na ihesabiwe mezani kabla sahani haijaondoka. Mpaka leo nahesabu. Mwalimu wa namna ile siku hizi mnamwita bosi, na mara nyingi kosa likitokea anakutangulizeni mbele ninyi.

Sasa kuna kaperi. Hizi ni chipukizi ndogo za kijani za mmea wao, zimelowekwa kwenye chumvi, kubwa kama punje ya mbaazi. Bila kaperi, mchuzi wa nduaro wa kwao unakosa ule uchachu unaopiga hapa nyuma ya taya. Kopo la kaperi lilikuwa linakuja na barua kutoka Italia. Mwaka mmoja barua ilikuja, kopo halikuja. Bruda akanuna wiki nzima.

Mimi siku ya mapumziko nilikuwa nakwenda Hombolo kusaidia shambani kwa dada yangu. Mnajua zabibu zetu zikianza kushika, mkulima hupunguza vichala ili zilizobaki zinenepe. Zile changa zinazoondolewa zinatupwa, ngumu, kijani, chachu mpaka jicho linafumba lenyewe. Nikaziangalia pale chini. Nikajaza mfuko wa plastiki. Nyumbani nikazilaza kwenye chumvi siku tatu, nikazisuuza, nikazitia kwenye chupa na siki iliyotokana na divai iliyoharibika misheni, na jani moja la bei, lile kavu la kutia harufu kwenye mchuzi. Nikasubiri wiki tatu. Nikamwekea Bruda kwenye kijiko bila kumwambia kitu.

Akatafuna. Akafumba macho. Akasema, "Kopo limefika?"

Bruda Nino alirudi kwao mzee, akafia huko. Mimi nikahamia Makole. Kila msimu wa kupunguza zabibu nilijaza chupa zangu, na moja ilikuwa inakaa chini ya sinki la hoteli, kitoweo changu cha ugali wa uwele. Wenzangu waliniona mchawi.

Turudi kwenye ile barua. Ilipobaki wiki moja, wakaja Waitalia kumi na mmoja waliokuwa wanachimba visima vijijini. Mkuu wao alikuwa amemleta mama yake mzazi kumtembelea, bibi aliyekuwa anatimiza miaka themanini. Bibi kaomba kitu kimoja tu: nduaro, kama kwao. Bwana Tesha akaagiza samaki kutoka Dar, kipande kikubwa, kikaja kwenye basi na barafu. Akamkabidhi Shefu Erick, aliyekuwa ameshafika kabla ya tarehe yake.

Erick hakuwa mpishi mbaya. Nasema haki. Changu alimjua, kamba aliwajua, pilau lake lilikuwa na adabu. Lakini alivaa kofia ndefu inayogonga rafu, na tangu afike hakuwa ameniamkia hata siku moja. Mtu wa umri wa mwanangu anaingia jikoni ananipita kama anapita mlango.

Nikamwambia, "Baba, huyu samaki hataki moto wa muda mrefu."

Akacheka, akawatazama wengine. "Mama, hii siyo makande. Mgogo na samaki wa bahari wapi na wapi? Nikatie vitunguu."

Nikakata vitunguu. Akakata nduaro vipande vinene kama Biblia, akavitumbukiza kwenye tui la nazi, na kwa kuogopa asije akawa mbichi, akamchemsha robo tatu ya saa. Nikasikia harufu ikibadilika, nikajua tayari amekwisha kufa mara ya pili. Nikaendelea kukata. Mtu akishakuambia ukate vitunguu, unakata.

Saa saba kasoro sahani zikatoka. Saa saba na dakika tano zikarudi. Bibi alikuwa amekula tonge moja, akaweka uma chini, akasema anashukuru, hana njaa. Na mwanawe akaweka uma chini. Na wote wakaweka. Mhudumu aliporudi na trei alikuwa anatembea kama amebeba maiti.

Bwana Tesha akaingia jikoni, tai imekwenda upande.

"Nani anajua huyu samaki?"

Erick anaangalia viatu vyake.

"Mimi," nikasema.

"Wewe una cheti cha wapi?"

"Cheti sina, na barua yako ninayo hapa kifuani. Nusu ya samaki bado iko kwenye friji. Wape mkate na zeituni, nipe nusu saa."

"Na ukiharibu?"

"Nikiharibu sisubiri tarehe moja. Sinki lile pale, naingia leo."

Akanitazama. Halafu akasogea pembeni ya jiko. Wanangu, kusogea kule kwa mtu wa suti nakukumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Nikavaa kilemba vizuri. Kikaango cha chuma nikakiweka kwenye moto mkali, sufuria pana pembeni kwenye moto wa wastani. Kwenye sufuria: mafuta ya zeituni, vitunguu vile vile alivyonikatisha Erick, seleri, kitunguu saumu kimoja kimepondwa kwa kiganja. Vikalainika bila kuwa na rangi. Nyanya za Mpwapwa, zilizoiva kweli, nimezimenya, nimezikamua mbegu. Glasi ya divai nyeupe ya hapa hapa, ikachemka mpaka ukali ukatoka puani. Zeituni zimepasuliwa. Zabibu kavu kiganja kimoja. Halafu nikainama chini ya sinki nikatoa chupa yangu, nikamwaga zabibu changa vijiko vitatu. Nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Anatia zile dawa zake."

Huku nduaro nimeshamtoa ngozi, nimemkata unene wa kidole, nimemkausha. Mafuta yakaingia, samaki akaingia, akalia *chaaa* kama anavyotakiwa. Nikaanza kusali kwa sauti, sikumwonea mtu aibu. Salamu Maria ya tano, nikageuza. Rangi ya dhahabu, pembeni bado mweupe. Ya tatu, nikatoa, nikamlaza kwenye mchuzi, nikafunika, nikazima moto. Joto la mchuzi linamalizia lenyewe. Hapo ndipo wengi mnakosea, mnafikiri moto ukizimwa kupika kumekwisha.

Dakika ishirini na saba. Nikabeba sahani ya bibi mwenyewe, na aproni yangu ina madoa.

Alikuwa kizee kidogo, mkono wenye mishipa. Akanusa. Akakata kwa upande wa uma, kisu hakukigusa, samaki akakubali. Akala. Akala tena. Meza yote inamtazama yeye, hakuna anayegusa chake. Akamaliza samaki, akachukua mkate, akafuta sahani mpaka maua yaliyochorwa chini yakaonekana. Kisha akasema kitu kwa haraka, na Kiitalia changu ni cha jikoni tu: polepole, inatosha, mjinga wewe. Mwanawe akatafsiri.

"Anauliza kaperi hizi umezipata wapi."

"Mwambie siyo kaperi. Ni zabibu changa za Hombolo, nimezitia chumvi mwenyewe."

Akamwambia. Bibi akatikisa kichwa, akanena kwa ukali.

"Anasema nini?"

"Anasema wewe ni mwongo. Hakuna zabibu yenye ladha hiyo."

Nikarudi jikoni nikaleta chupa, nikaiweka mezani, tup! Bibi akaifungua, akaingiza vidole viwili humo ndani, akatoa punje, akaiangalia kwenye mwanga, akaitafuna. Akaitoa kokwa kwenye ulimi, akaitazama. Kokwa ya zabibu haikatai kuwa kokwa ya zabibu. Akacheka mpaka akakohoa, akanishika mkono, hakuuachia.

"Sasa anasema nini?"

"Anasema chupa hii harudishi. Na kesho anakuja tena, na kesho kutwa."

Nilipoingia jikoni watu walikuwa wamesimama. Bwana Tesha akaanza, "Mama Seche, kwa kweli..."

"Bwana Tesha, ile barua."

"Barua ipi?"

"Usijifanye. Hii hapa. Iandike upya. Uandike Mpishi Mkuu, na uandike kwa herufi kubwa, maana nasoma taratibu."

"Lakini taratibu za hoteli, suala la cheti..."

"Basi mwenye cheti ampikie bibi kesho."

Akaiandika alasiri ile ile, akagonga muhuri mara mbili. Nikaisoma yote mbele yake, kidole chini ya kila neno, na safari hii hakuangalia saa.

Erick alikuja nilipokuwa nafuta kikaango. Kofia ameishika mkononi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kesho njoo saa mbili. Nitakufundisha. Na hicho kikofia kiache nyumbani, kinatuzibia mwanga."

Alikaa na mimi miaka kumi na mbili. Leo ana jiko lake Arusha, na akiwafundisha watu nduaro ananitaja. Akiacha kunitaja nitasikia.

Siku hizi samaki anafika Dodoma siku moja na kuvuliwa kwake, mnapika kwa gesi, mnatazama simu imeegemezwa kwenye mtungi wa chumvi. Sawa. Simu inawaambia dakika nne. Simu haijui kikaango chako, haijui samaki wako alikaa kwenye barafu siku ngapi, haijui kwamba mgeni wako ana miaka themanini na meno sita. Simama hapo jikoni. Nusa. Sikiliza mafuta. Onja kabla hujapeleka, na ukikosea kula ulichokosea mpaka kiishe. Mtu akikuambia huna cheti, usigombane naye kwa maneno, mwombe moto. Akikunyima moto, huyo hakuwa anataka chakula.

Nilistaafu nikiwa na miaka hamsini na saba, Mpishi Mkuu mpaka siku ya mwisho. Leo nina nyumba ya vyumba vinne Makole, imepigwa plasta ndani na nje. Nina ekari moja na nusu ya zabibu Hombolo, hati kwa jina langu. Mbuzi kumi na tisa Gulwe, kwa kaka yangu. Pikipiki moja. Friji mbili, moja ya samaki tu. Majiko matatu ya gesi na moja la mkaa, kwa sababu umeme na gesi nimeshaviona vinavyofanya. Nina mgahawa wangu barabarani, karibu na nyumbani. Meza sita. Viti ishirini na vinne. Ikifika saa saba mchana, ukichelewa, unakula umesimama.